Matoleo Saba ya Kitabu cha Kupe

Saa nane na dakika kumi na saba mchana, Jumatatu ya pili ya Februari mwaka 2008, simu ya maktaba ililia. Nina hakika ya saa kwa sababu kila simu niliiandika kwenye daftari: saa, mpigaji, shida. Mpigaji alikuwa Yona, mfugaji wa Olenguruone na katibu wa kikundi cha wafugaji waliokuwa wakija kwetu kuchapiwa kurasa za vitabu. Shida niliiandika kwa maneno yake mwenyewe.

"Karani, hiyo kitabu yenu inataka kuniulia ng'ombe."

"Kitabu gani, mzee?"

"Ya kupe. Nimechanganya dawa vile mmeandika, vifuniko vinne kwa debe moja ya maji. Nimepulizia asubuhi. Sasa ng'ombe anatoa povu na miguu inatetemeka. Daktari ameniuliza, hii dawa mpya nani alikwambia vinne? Nikamwonyesha karatasi yenu."

"Hebu soma hapo. Imeandikwa vinne?"

"Kwani mimi sijui kusoma? Vinne. Na muhuri yenu iko hapo chini."

Nilimwambia amsikilize daktari, nitampigia. Nilijua kwa hakika kwamba kitabu chetu kilisema vifuniko viwili. Dawa ya zamani ilikuwa hafifu, ikatosha kwa vinne. Ile iliyokuwa madukani wakati huo ilikuwa kali, na ndiyo sababu chuo chetu kilikuwa kimetoa toleo jipya. Nilikuwa nimelisoma toleo hilo neno kwa neno kabla halijaingia kwenye mashine kubwa, kompyuta iliyohifadhi vitabu vyote vya maktaba. Nikafungua faili. Ukurasa wa kumi na moja: vifuniko vinne.

Basi mtu amekibadilisha. Hilo ndilo lililonijia kwanza, na nawaambia vijana mnaoanza kazi hii kwamba litawajia na nyinyi. Mtu anayependa mpangilio akikuta kitu hakiko alipokiweka, hutafuta mwizi kabla hajatafuta kosa lake.

Niwaeleze ilikuwa maktaba ya namna gani. Ilikuwa chumba kimoja katika chuo cha kufunza wakulima nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mimi niliingia pale kama mshona vitabu. Elimu yangu ya darasani iliishia darasa la saba; mengine nilijisomea. Aliyenifunza kushona, mzee Ezra, alikuwa na tabia ya kufungua kila kitabu nyuma ya ukurasa wa jina kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. "Jalada ni nguo," aliniambia. "Angalia huku nyuma, ndio utajua amezaliwa lini na amezaliwa mara ngapi." Ezra alistaafu kabla ya kompyuta kufika. Zilipofika, kila mtu alizikwepa, nami nikachukua kijitabu cha maelekezo nikakisoma mara tatu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wa maktaba ya vitabu vya kompyuta.

Vitabu vilikuja kwa njia nyingi. Vingine kwenye sidii za wafadhili, vingine tulivipitisha kwenye skana, vingine vilichapwa na sisi wenyewe. Na kila kitabu kilizaa. Kitabu cha kupe, ambacho jina lake kamili lilikuwa Kuzuia Kupe kwa Mfugaji Mdogo, kilipofika mwisho wa mwaka 2007 kilikuwa na faili saba katika folda moja. Nayakumbuka majina yake: KUPE, KUPE2, KUPE MPYA, KUPE MPYA KABISA, KUPE YA MWISHO, KUPE YA MWISHO SAHIHI, na Nakala ya KUPE. Mnacheka, lakini nendeni mkaangalie kompyuta zenu.

Nilijaribu njia kadhaa za kuchagua moja. Mwanzoni nilichagua kwa ukubwa, nikidhani faili kubwa ndiyo kamili. Kwa njia hiyo nikahifadhi kitabu cha kuku ambacho kilikuwa kikubwa kwa sababu mtu alikipitisha kwenye skana kwa rangi, na kidole gumba chake kikiwa kimeshika kila ukurasa. Kurasa sitini na nne, vidole gumba sitini na vinne. Nikaacha ukubwa, nikashika tarehe. Faili yenye tarehe ya karibuni ndiyo ya kweli. Nyingine nikazitoa na kuzitia kwenye sidii moja iliyofungiwa kabatini. Mwanzoni mwa Desemba nilikisafisha kitabu cha kupe kwa kanuni hiyo. Saba zikawa moja. Nilijisikia kama mtu aliyefagia uwanja.

Sasa rudini Februari. Faili hiyo moja inasema vinne, na mimi najua ilisema viwili.

Watu waliokuwa na ufunguo wa chumba kile walikuwa watatu: mimi, mkuu wa chuo, na Sabina. Sabina alikuwa mpiga chapa wetu, mama wa watoto wawili, ameajiriwa mwaka 2006 kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa Februari hiyo. Toleo jipya la kitabu cha kupe alikuwa amelichapa yeye.

Nilianza kukumbuka mambo. Wiki tatu mfululizo alikuwa akifika kabla yangu. Nikiingia, alikuwa akishusha haraka kile kilichokuwa kwenye kioo cha kompyuta yake. Alikuwa akivaa flashi shingoni kwa kamba wala hakuiweka mezani hata akienda kunywa chai. Kila moja ya hayo peke yake si kitu. Niliyaandika kwenye karatasi moja chini ya nyingine, na yakiwa yamepangwa hivyo yakaanza kuonekana kama ushahidi.

Kuna jambo lingine, nalo nitaliandika kwa sababu nimeahidi kuandika ukweli. Mnajua mwaka ule ulianzaje hapa kwetu baada ya uchaguzi. Watu walikuwa wamelala shamba na kuamkia hemani. Kazini tulisalimiana kama kawaida, lakini jina la pili la mtu, lile linaloonyesha kabila lake, lilikuwa likimtangulia mlangoni. Ndiyo sababu humu nawataja wote kwa jina moja tu. Siku ile mimi nililiweka jina la pili la Sabina kando ya jina la pili la Yona, nikadhani nimepata sababu. Sikulisema kwa mtu. Lakini nililiwaza, na baada ya kuliwaza sikutafuta tena sababu nyingine.

Jioni hiyo, Sabina alipokwisha kwenda, nilifungua kompyuta yake. Ndani yake nikaikuta KUPE MPYA KABISA, na ukurasa wa kumi na moja ulisema vifuniko viwili. Nikaangalia tarehe ya faili. Tarehe moja Januari 2002.

Mtu aliyeajiriwa mwaka 2006 ana faili ya kazi ya mwaka 2002. Kwa hesabu yangu jambo hilo lilikuwa na maelezo ya namna moja tu: amebadilisha kitabu kwenye mashine kubwa, kisha amejiwekea nakala sahihi ya kujikinga, na ameirudisha tarehe nyuma ili isionekane ni ya juzi. Kosa lake ni kwamba ameirudisha mbali mno. Nilifurahi, vijana. Hiyo furaha ndiyo ya kuogopa. Asubuhi nikaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, yenye saa na tarehe zote, nikampelekea mkuu wa chuo.

Mkuu alituita wote wawili.

"Madam, hii faili ni yako?"

"Ni yangu, sir."

"Mwaka 2002 ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Kitale, nikinyonyesha."

"Sasa nani aliandika faili?"

"Mimi."

"Mwaka 2002?"

"Hapana, sir. Mwaka jana, Novemba. Karani mwenyewe alinisomea nikisahihisha."

"Faili inasema 2002," nikasema. "Faili haidanganyi."

Sabina alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinichunguza, kama mtu anayejaribu kukumbuka alinijulia wapi. "Basi ni mimi ndio nadanganya. Sawa, karani."

Mkuu alimwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Mimi akaniambia niipeleke kompyuta hiyo kwa fundi atoe ushahidi wa maandishi, kwa sababu bila huo angepata taabu kueleza kwa nini mkataba haukuongezwa. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa mizanini. Nyumbani kwa Sabina, mbali na watoto wake, kulikuwa na dada yake na watoto wa dada, waliokimbia kutoka upande wa Molo na magodoro mawili. Wote walikula kwa mshahara ule mmoja.

Sitawaficha kwamba niliendelea. Ng'ombe wa Yona alioshwa kwa maji mengi, akadungwa sindano, akasimama siku ya pili. Karatasi za ukurasa huo nilizokuwa nimewachapia wafugaji zilikuwa kumi na tatu. Yona alizunguka nyumba hadi nyumba akazikusanya, na kwa bahati ni yeye peke yake aliyekuwa ameshatumia. Lakini mimi niliona kila jambo likizidi kumwelekea Sabina. Duka la fundi lilikuwa limefungwa zaidi ya wiki nzima, mimi nikaona hata huo ni muda wa yeye kujipanga.

Fundi wetu alikuwa Harjit, mwenye duka la karatasi na kompyuta mjini, duka alilolianzisha babu yake. Alilifungua tena Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilimkuta akifuta vumbi.

"Sasa, karani. Umeniletea mgonjwa ama maiti?"

"Ni mzima. Nataka unitolee ushahidi kwamba mtu amebadilisha tarehe."

"Umekuwa polisi siku hizi?"

Aliiunganisha na stima, akaiwasha, akaangalia pembe ya chini ya kioo. "Kwa mkono wako ni saa ngapi?"

"Kumi kasoro dakika tano."

"Hapa ni saa sita usiku na dakika mbili." Akabonyeza ile saa mara mbili, kalenda ikafunguka. "Tarehe moja Januari, 2002. Happy New Year, karani."

Kisha akafungua ukurasa mtupu, akaandika KARANI NI MKALI, akauhifadhi, akanionyesha tarehe yake. Moja Januari 2002. "Ona hii. Nimeiandika sasa hivi, wewe ukiwa hapo. Nishike basi."

Alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa kompyuta, na kwa ukucha akatoa kitu cha duara kama sarafu. "Hii ndio betri ya saa. Imekufa kitambo. Stima ikipotea, mashine inasahau iko mwaka gani, inarudi mwaka ule wa kiwandani. Na nyinyi huko stima inapotea mara ngapi?"

"Kila siku."

"Basi kila siku ni New Year."

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia nimeiona saa ya kompyuta ile kwa macho yangu miezi mingi, na daima ilikuwa sahihi. Harjit aliniuliza swali moja tu: "Ni saa uliona, ama tarehe?"

Baadaye Sabina ndiye aliyenieleza. Kila asubuhi aliikuta saa imepotea, na kila asubuhi aliirekebisha kwa saa yake ya mkononi ili ajue wakati wa chai na wa kufunga. Mwaka hakuugusa hata siku moja. "Nani huangalia mwaka?" aliniambia. "Mwaka naujua."

Nilisimama pale dukani nikapanga mambo upya, safari hii kwa mpangilio uliostahili. Toleo jipya lilichapwa Novemba kwenye mashine iliyodhani ni 2002. Kwenye mashine kubwa likaingia na tarehe hiyo hiyo. Toleo la zamani, lile la vifuniko vinne, nilikuwa nimelipitisha kwenye skana mimi mwenyewe mwaka 2006, kwa hiyo lilibeba 2006. Desemba nikaja na kanuni yangu ya tarehe ya karibuni. Nikalitupa toleo jipya kwa mkono wangu nikidhani ndilo kongwe kuliko yote, nikalibakiza la zamani na kulipigia muhuri. Sikufungua ukurasa wa kumi na moja hata mara moja. Sidii ilikuwa kabatini, ufunguo mfukoni mwangu. Ningeiangalia siku ile ya kwanza, ningeikuta KUPE MPYA KABISA humo, pale pale nilipoiweka.

Hakuna aliyekuwa amebadilisha chochote.

Nilirudi chuoni kwa haraka ambayo si kawaida yangu. Mkuu alikuwa akifunga ofisi.

"Mkuu, barua yangu ina kosa."

"Wapi?"

"Yote."

Alirudi kitini. Nilimweleza tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza akavuta karatasi kutoka kwenye trei yake. Ilikuwa ya kumwarifu Sabina kwamba mkataba hautaongezwa, imeshachapwa, imebaki sahihi. "Nilikuwa nasubiri yako ya fundi tu," akasema. Akaichana mara mbili, akanipa vipande nivitupe mimi.

Jumamosi nilikwenda kwa Sabina. Alinikaribisha, akanipa kiti pekee kilichokuwepo, yeye akabaki wima. Niliomba msamaha vizuri. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njiani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Uliniandika kwa karatasi, karani. Sasa uniombe msamaha kwa karatasi. Halafu uibandike pale kwa ukuta kila mtu anaona."

"Jumatatu utaikuta."

"Na uandike jina lako yote. Sio karani tu."

Niliibandika Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, na majina yangu yote matatu. Wengine walisoma wakacheka, wengine walisoma wakaenda zao. Sabina alisoma akaketi, akawasha kompyuta yake, akairekebisha saa. Kisha akaninyooshea flashi yake. Ndani yake nilikuta barua kama thelathini za watu waliohama makwao, wakiomba shule zipokee watoto wao bila cheti wala sare. Hizo ndizo alizokuwa akichapa kabla sijafika, na hizo ndizo alizozishusha kwenye kioo nikiingia, akiogopa nitasema anatumia karatasi ya ofisi.

Kanuni tulizotumia kuanzia hapo ni zake zaidi ya zangu, na mnaweza kuzichukua bure. Kwanza tofautisheni nakala na toleo. Faili mbili zenye maneno yale yale ni nakala. Futeni moja mlale. Ikibadilika hata tarakimu moja, hilo ni toleo, na toleo halifutwi. Kila kitabu kiwe na folda yake, na ndani ya folda karatasi fupi ya maelezo inayosema matoleo ni mangapi, kila moja lilitoka wapi, nani alilichapa, na ukurasa gani umebadilika. Huo ukurasa uliobadilika ndio mnaoufungua, kila mara, kabla ya kumchapia mtu. Toleo la zamani tuliliandikia ZAMANI, USICHAPE mwanzoni mwa jina, na tena kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wake wa kwanza, kwa sababu mkulima akipewa kwa flashi hataona folda yenu. Tarehe ya toleo tuliiandika kwa mkono wetu ndani ya kitabu. Ile ya kompyuta hatukuiuliza tena.

Sabina aliniwekea na kanuni moja yangu mwenyewe: nikishuku mtu, kwanza niandike orodha ya vitu ambavyo mimi mwenyewe niligusa. Niliitumia miaka yote iliyobaki. Mara nyingi orodha ya pili, ile ya mambo ya huyo mtu, haikuhitajika.

Mkataba wake uliongezwa, na aliendelea kuchapa pale hata baada ya mimi kustaafu. Siku alizokaa nyumbani, ofisi ya fedha ilikataa kuzilipa. Walisema hakufanya kazi, basi hakuna cha kulipa. Niliwaandikia mara tatu. Nilitaka kuzilipa mwenyewe, akakataa. "Zako sitaki. Mimi nataka zile za ofisi." Betri mpya Harjit alituuzia kwa shilingi themanini. Siku za Sabina zilikuwa tisa, kwa shilingi mia nne kila siku, nazo hazikulipwa kamwe: shilingi elfu tatu na mia sita.